Umesafiri na Barua Hazikufuati: Jinsi ya Kujua Zimekwama Wapi

Uliomba posta ikuhamishie barua kwa muda utakaokuwa mbali na nyumbani. Ukajaza fomu, ukaonyesha kitambulisho, ukapewa namba ya ombi, ukaondoka. Wiki tatu sasa hakuna kilichofika. Au vimefika nusu nusu: bili ya umeme imekufikia, kadi mpya ya benki haijulikani iko wapi. Wengi wakifika hapo hukimbilia kujaza ombi la pili. Hatua hiyo iache mpaka mwisho kabisa, kwa sababu maombi mawili ya mtu mmoja yanayogongana huongeza tatizo jipya juu ya lile la kwanza, na karani atakayekusaidia atapata kazi ya kuyatenganisha kabla hajagusa shida yako yenyewe.

Ni vizuri kujua mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Posta haikufuati wewe. Kinachofuatwa ni jina na anwani ya zamani, kama ulivyoviandika kwenye ombi. Barua ikipita inalinganishwa na ombi hilo. Jina likioana, anwani ikioana, aina ya barua ikiwa ni ile inayoruhusiwa kuhamishwa, na mtumaji akiwa hajakataza, inabandikwa anwani mpya na kuendelea na safari. Sharti moja likikosekana, barua inakwenda nyumbani kama kawaida, inarudi kwa mtumaji, au inatupwa. Ukijua barua yako imefanyiwa lipi kati ya hayo matatu, umeshajua sehemu kubwa ya jibu.

Kabla ya yote, jitumie barua

Usimpigie mtu simu kwanza. Chukua bahasha tatu. Ya kwanza iandike jina lako kamili jinsi lilivyo kwenye ombi. Ya pili iandike jina kama benki inavyoliandika, pengine herufi ya kwanza na jina la ukoo tu. Ya tatu iandike kwa mkono wa haraka haraka, kama ndugu yako anavyoandika, na jina unaloitwa na watu. Zote zipeleke anwani yako ya nyumbani, kwa stempu ya kawaida, na ndani weka karatasi yenye tarehe uliyoituma. Mwombe jirani au mtu anayeangalia nyumba akuchunguzie kisanduku cha barua siku zinazofuata.

Zikikufikia zote tatu, ombi lako ni zima na tatizo liko kwa watumaji au kwenye aina ya barua. Ikifika ya kwanza peke yake, tatizo ni jina. Zikionekana nyumbani zote, ombi halijaanza kufanya kazi, au tarishi wa mtaa wako hana habari nalo. Zisipoonekana kwako wala nyumbani, shuku anwani mpya: namba ya chumba au ghorofa imesahaulika, msimbo wa posta una tarakimu moja iliyokosewa, au jina lako halimo kwenye kisanduku cha huko ulikofikia na tarishi wa huko amezirudisha. Hili la mwisho huwapata sana wanaofikia kwa jamaa. Bandika jina lako chini ya jina la mwenyeji, hata kwa karatasi na gundi.

Hakuna kilichofika kabisa

Mara nyingi hakuna ubaya, ni haraka yako tu. Ombi huchukua siku kadhaa za kazi kuingizwa, na barua ya kwanza iliyohamishwa hutembea safari mbili. USPS, yaani posta ya Marekani, yenyewe huwaambia wateja wajiandae kusubiri hadi wiki mbili. Kama wiki mbili hazijapita tangu tarehe ya kuanza, subiri majibu ya zile bahasha tatu.

Zikipita, angalia kama ombi lilithibitishwa. Posta nyingi hutuma barua ya uthibitisho kwenye anwani ya zamani, ili mtu asikuhamishie barua kwa hila. Tahadhari ni nzuri, ila kwako wewe uliyeondoka ina kasoro: barua inayokutaka uthibitishe au inayokwambia kwamba ombi limekataliwa imelala kwenye kisanduku cha nyumba ambayo huimo. Mtu anayeangalia nyumba apewe ruhusa ya kufungua kitu kimoja tu, nacho ni barua yoyote iliyotoka posta yenyewe.

Angalia pia tarehe ya kuanza. Ukijaza mtandaoni, kalenda nyingine hupanga siku kabla ya mwezi na nyingine mwezi kabla ya siku, na ombi la tarehe 4 mwezi wa 9 linaweza kuwa limesomwa la tarehe 9 mwezi wa 4. Karani anaweza kukusomea tarehe iliyomo kwenye mfumo kwa kutumia namba ya ombi. Mwulize pia ombi linasema "la muda" au "la kudumu"; utaona chini kwa nini jibu hilo lina uzito.

Jambo jingine la kuulizia ni kama kuna agizo la kuhifadhi barua lililobaki hai. Watu huomba kuhifadhiwa barua kwanza, halafu safari ikirefuka wanaomba zihamishwe, bila kufuta lile la kwanza. Barua zinakuwa zimekaa kwenye kasha postani zikikusubiri urudi. Na kama safari yenyewe ni fupi, kuhifadhiwa kungetosha. USPS hushika barua kuanzia siku 3 hadi 30, Royal Mail ya Uingereza inayo huduma ya kuzitunza hadi siku 100. Kwa mtu anayeondoka mwezi mmoja na hategemei barua ya dharura, mimi ningechagua kuhifadhiwa bila kufikiri mara mbili. Barua ambayo haijasogezwa haipotei njiani.

Nyingine zinafika, nyingine zinabaki nyumbani

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake kikubwa ni jina.

Fomu nyingi zinakuuliza kama ombi ni la mtu mmoja, la familia nzima, au la biashara. Ukichagua mtu mmoja, kinachohamishwa ni cha jina hilo tu. Mke anayetumia jina la baba yake, mtoto anayetumia jina la babu, mama mkwe anayeishi nanyi, wote hao kwa macho ya posta si wa ombi lako. Hata ukichagua familia, maana yake kwa kawaida ni watu wenye jina moja la ukoo. Sisi ambao katika nyumba moja tuna majina matatu ya mwisho, kila mmoja na lake, tunaumia hapa kuliko wengine: ombi la "familia" linashika baba na mtoto mmoja, na kumwacha mama nje. Dawa ni kila mwenye jina tofauti awe na ombi lake, au aongezwe kwa jina pale fomu inaporuhusu.

Kuna pia mtu mwenye majina mengi. Kwenye pasipoti ni majina manne, benki inaandika mawili, chuo kinaanza na jina la mwisho, na bima imekosea herufi moja tangu ulipojiunga. Mashine inaweza kusamehe tofauti ndogo, lakini usiitegemee. Pitia barua za zamani ulizo nazo, andika kila umbo la jina lako unalolikuta juu ya bahasha, na umpelekee karani orodha hiyo. Mahali pengine ataongeza majina kwenye ombi lilelile. Kwingine atakutaka ufungue ombi kwa kila umbo. Ukiolewa ukabadili jina, la zamani na jipya yote yawemo.

Kinyume chake kipo: ombi linalonasa visivyo vyako. Baba na mtoto wenye jina lilelile ndani ya nyumba moja, mtoto akisafiri, barua za baba zinaanza kumfuata mtoto. Mume aliyeondoka nyumbani akaomba la familia, bili za mke zinakwenda naye. Anayebaki nyumbani aende postani na kitambulisho chake, aombe la familia ligeuzwe la mtu mmoja. Mkizungumza wenyewe kwanza ni afadhali, ila si lazima mkubaliane ndipo posta irekebishe barua zake.

Chanzo cha pili ni aina ya barua. Kila posta ina orodha yake ya vinavyohamishwa na visivyohamishwa. Matangazo ya biashara yanayotumwa kwa bei ya jumla huachwa, na sidhani kuna atakayeyalilia. Magazeti na majarida yana muda wake mfupi: Marekani, ukiwa na ombi la kudumu, barua za kawaida zinahamishwa kwa miezi 12, lakini majarida ni siku 60 tu. Kwa hiyo jarida likifika miezi miwili kisha likakatika wakati barua zinaendelea kuja, hakuna kilichoharibika. Mwambie mchapishaji anwani mpya.

Chanzo cha tatu kinahusu mwandiko. Kwenye nchi zenye mitambo mikubwa ya kuchambua barua, kama Marekani, barua yenye anwani iliyopigwa chapa inanaswa huko huko kwenye kituo cha kuchambulia na kugeuzwa njia kabla haijafika mtaani kwenu. Ile ambayo mashine imeshindwa kuisoma inaendelea mpaka kwa tarishi, na hapo inategemea kama yeye anakumbuka kwamba umeondoka. Tarishi wa siku zote anakumbuka. Aliyeshika zamu yake kwa wiki moja hakumbuki. Ukiona bili zinafika na barua za shangazi hazifiki, ndiyo sababu. Anayekuandikia kwa mkono mpe tu anwani mpya.

Barua za benki na za serikali zimerudi kwa aliyezituma

Hapa watu hulaumu posta bila haki. Mtumaji ana mamlaka ya kukataza barua yake isihamishwe, na huandika katazo hilo juu ya bahasha. Marekani utakuta maneno "Return Service Requested" karibu na anwani ya mtumaji: maana yake, mwenyewe akiwa amehama, nirudishieni na mniambie alikokwenda. Ujerumani utakuta "Nicht nachsenden", usiifuatishe. Posta ikiona maneno hayo, ombi lako halina nguvu, hata kama lilijazwa bila kosa.

Wanaofanya hivyo ni wale ambao wangekuwa hatarini barua ikiangukia mikono mingine: benki inayotuma kadi au namba ya siri, idara za serikali, na mahali pengi karatasi za kupigia kura. Wana sababu nzuri. Shida ni kinachofuata. Kadi ikirudi, benki inaandika kwenye faili lako kwamba anwani ni mbovu. Kutoka hapo inaweza kusimamisha taarifa za akaunti, isitume kadi nyingine, na baadhi huzuia akaunti mpaka ujitokeze. Kwa hiyo dalili utakayoiona wewe inaweza isiwe barua iliyopotea. Inaweza kuwa kadi yako inakataliwa dukani miezi miwili baadaye, ukiwa mbali, na hujui inahusiana na posta.

Suluhisho halimo postani. Piga simu benki, uliza kama wana barua yako iliyorudi, waombe waweke anwani ya muda kwa kipindi maalumu au washikilie kadi tawini. Kama kadi yako inaisha muda ndani ya kipindi cha safari, omba mpya kabla hujaondoka. Kwa maoni yangu kadi ya benki haifai kabisa kutegemea uhamishaji wa barua, hata pale unapokubalika.

Ukiwa unazungumza na mtumaji aliyerudishiwa barua, mwombe akusomee kibandiko kilichowekwa na posta, au akipige picha. Kibandiko kinasema sababu. Cha Marekani chenye "FORWARD TIME EXP" kinasema muda wa ombi umekwisha, na kwa kawaida kimeandikwa anwani yako mpya ili mtumaji ajirekebishe. Chenye "UNABLE TO FORWARD" kinasema hawakupata pa kuipeleka, yaani ombi halikuonekana kabisa au halikuoana na jina. Ni tofauti kubwa: la kwanza ni la muda uliokwisha, la pili linakurudisha kwenye jina.

Vifurushi

Ombi lako liko posta. DHL, UPS, FedEx na kampuni nyingine binafsi hazilioni wala hazilazimiki kulifuata. Kifurushi chao kitapelekwa mlangoni pako na kuachwa hapo, ishara tosha kwa mpita njia kwamba wenyewe hawapo. Wenye huduma ya kubadili anwani wana yao wenyewe, unaifanya kwa namba ya ufuatiliaji ya kila mzigo. Duka la mtandaoni nalo linakumbuka anwani ya zamani. Kabla ya kulipia, angalia ni ipi iliyochaguliwa, kwa sababu maduka mengi hayakuambii yatatumia msafirishaji gani.

Vifurushi vya posta yenyewe vinategemea daraja la usafirishaji. Baadhi huhamishwa bure, vingine utadaiwa nauli ya safari ya pili pale unapovichukua. Ukikataa kulipa vinarudi. Kifurushi kinachoonekana kwenye ufuatiliaji kimefika posta ya mtaa wako mpya na kukaa hapo bila kuletwa, nenda ukaulize kama kinasubiri malipo.

Barua ile ile inarudi nyumbani tena na tena

Tuseme hukuweka ombi rasmi, jirani ndiye anayekuandikia anwani mpya juu ya bahasha na kuirudisha kwenye sanduku la posta. Baada ya siku mbili anaikuta tena kwenye kisanduku chako. Anaituma, inarudi.

Geuza bahasha uitazame chini upande wa mbele, na nyuma yake pia. Utaona safu ya vistari vidogo, vyeusi au vya rangi ya chungwa, vilivyochapwa na mashine. Hiyo ndiyo anwani ya zamani katika lugha ya mashine. Jirani amekata anwani ya maandishi na kuandika mpya vizuri, lakini mashine haisomi alichoandika; inasoma vistari, na vistari vinasema nyumbani kwako. Afute anwani ya zamani kwa mstari mmoja, aandike mpya pembeni, kisha azibe vistari vyote kwa kalamu nzito au kwa kibandiko cheupe, pande zote mbili. Stempu na mhuri asiviguse.

Na bahasha isifunguliwe. Kwa USPS, barua ya daraja la kwanza ambayo haijafunguliwa inatumwa tena bila stempu mpya. Ikishafunguliwa na kufungwa tena inahesabiwa barua mpya na inalipiwa upya. Jirani akikosea akafungua, aweke yote kwenye bahasha nyingine na stempu yake.

Rejesta na barua za kutia sahihi

Hizi huchelewa kuliko zote na zina muda wa kusubiri kwenye kaunta. Kadi ya kukuita inaachwa kwenye anwani mpya, au kwa bahati mbaya nyumbani, na saa inaanza kuhesabu. Barua za kutia sahihi za Marekani zinazoitwa "Certified Mail" hukaa siku 15 kisha zinarudi kwa mtumaji. Ukijua kuna rejesta inakuja, pata namba yake kwa mtumaji uifuatilie mwenyewe usingoje kadi. Kitambulisho utakachoonyesha kiwe na jina lile lile lililo kwenye barua. Ukishindwa kwenda, uliza mapema posta hiyo inakubali barua ya idhini ya namna gani kwa mtu atakayekwenda badala yako. Nyingine zinataka sahihi kwenye fomu yao wenyewe, si karatasi uliyoandika nyumbani.

Sanduku la posta si lako

Wengi wetu barua zetu zinapitia S.L.P. ya mwajiri, shule, msikiti au kanisa. Ombi la kuhamishiwa barua kutoka sanduku kama hilo mara nyingi hukataliwa, au hukubaliwa na lisifanye kitu, kwa sababu kwa posta mwenye sanduku ni taasisi. Barua ikishaingia humo imekwisha kufikishwa. Wa kuongea naye ni anayefungua sanduku na kugawa barua ofisini. Mwachie bahasha kubwa zilizokwisha kuandikwa anwani yako na kulipiwa, akusanye na kutuma kila baada ya muda mtakaokubaliana. Ukimwachia kazi ya kutafuta bahasha na stempu, usishangae barua zikikaa kwenye droo mpaka urudi.

Sanduku la kukodi kwa kampuni binafsi lina sheria hiyohiyo. USPS haipokei ombi la kuhama kutoka anwani ya wakala wa aina hiyo. Wakala mwenyewe ndiye anayetakiwa kukupelekea barua, kwa miezi 6 baada ya mkataba kuisha.

Umetoka nje ya nchi

Angalia kwanza kama ombi la mtandaoni liliruhusu anwani ya nje. Mifumo mingine inakubali nchi moja tu na kwa nje inakutaka uende kaunta. Royal Mail inahamisha hadi ng'ambo kwa malipo makubwa zaidi. Barua nyepesi hupita. Chochote chenye bidhaa ndani kinahitaji karatasi za forodha ambazo mtumaji hakuzijaza, ndiyo maana vifurushi hukwama njiani na kurudi.

Kama huna makazi ya kudumu huko uendako, usitumie anwani ya hoteli. Tumia huduma inayojulikana kimataifa kama poste restante: barua inaandikwa jina lako na jina la ofisi ya posta, inakaa hapo mpaka uje na pasipoti. Muda wa kukaa una kikomo, Marekani ni siku 30. Karani akisema hakuna kitu, mwombe atazame pia chini ya herufi ya jina lako la kwanza. Mgeni mwenye majina matatu, hakuna anayejua apangwe kwenye herufi gani.

Kwa safari ya mwaka au zaidi, wapo mawakala wanaopokea barua, kupiga picha bahasha, na kukuuliza wafungue, watume au wachane. Kwa Marekani wakala huyo haruhusiwi kupokea barua zako mpaka ujaze fomu namba 1583 na kuonyesha vitambulisho viwili. Wakala akikwambia hahitaji karatasi yoyote, tafuta mwingine.

Umepata taarifa ya ombi ambalo hukuomba

Usingoje kesho. Kuna wanaohamisha barua za mtu ili wapate kadi na taarifa za benki. Fika postani au piga simu, waambie hukuomba, ombi lifutwe na uandikiwe kwamba umelalamika. Kisha benki, kabla ya mtu mwingine yeyote, na polisi. Barua zikikatika ghafla ukiwa nyumbani kwako, bila hata matangazo, ichukulie kama dalili hiyo hiyo.

Umerudi nyumbani, barua bado zinakwenda kule

Ikiwa ombi lilikuwa la muda, ama tarehe ya mwisho iko mbele kuliko ulivyodhani, ama barua zilizokuwa njiani zinamalizia. Futa ombi kwa namba yake, vumilia wiki mbili.

Ikiwa lilikuwa la kudumu, kazi ni ndefu zaidi. Marekani, ombi la kudumu linaingia kwenye orodha ya kitaifa ya waliohama, ambayo kampuni zinazotuma barua kwa wingi huitumia kusahihisha orodha zao. Ombi la muda haliingii humo. Kwa hiyo aliyejaza "kudumu" kwa safari ya miezi minne anarudi na kukuta benki, bima na mchapishaji wa jarida wote wameshabadili anwani yake kwenye vitabu vyao, bila yeye kuwaambia. Kufuta ombi hakugusi vitabu hivyo. Inabidi ujaze ombi jipya la kuhama kutoka kule kurudi nyumbani, na hapa ndipo ombi la pili linapofaa, kisha umwandikie kila mtumaji mmoja mmoja. Utawajua kwa kumwomba mwenyeji wako wa kule akupigie picha kila bahasha inayofika. Asikutumie barua zenyewe mpaka ombi jipya lianze, la sivyo zinaweza kugeuziwa njia katikati na kurudi kwake.